Hofu ya mbwa haitoki kwa fimbo

Septemba 1924 maji yalifurika mjini Leningrad, Urusi, yakaingia kwenye mabanda ya mbwa wa mwanasayansi Ivan Pavlov. Wahudumu walipofika waliwakuta mbwa wanaogelea ndani ya vizimba, pua zikitafuta hewa chini ya dari. Milango ya vizimba ilikuwa chini, tayari imefunikwa na maji, kwa hiyo ilibidi mbwa azamishwe kichwa kwanza ndipo avutwe nje. Waliokolewa. Hata hivyo, baadhi yao hawakurudi kuwa mbwa wale wale. Mambo waliyofundishwa kwa muda mrefu yalifutika. Baadaye maji kidogo yaliachwa kwa makusudi yapenye chini ya mlango wa chumba alimokuwa mmoja wao, naye akahangaika kana kwamba gharika imerudi.

Tukio hilo lina miaka zaidi ya 100, na lilitokea mbali sana na Geita. Lakini yeyote aliyemchukua mbwa aliyetelekezwa machimboni, akamleta nyumbani, kisha akamwona anatetemeka mbele ya kitu kisichomdhuru mtu, anaitazama habari ile ile.

Rwamgasa, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita, ni mahali pagumu kwa masikio ya mbwa. Makarasha yanasaga mawe kutwa. Mashine za kuvuta maji zinaunguruma kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, baruti inalipuka chini ya ardhi, pikipiki zinapita na viroba vya mawe. Usiku wa masika radi za ukanda wa Ziwa Victoria zinapiga juu ya mabati. Sikio la binadamu linakoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa linafika kama 45,000. Maana yake ni kwamba chuma kinachosuguana kwenye mashine isiyo na grisi kinaweza kumpigia mbwa kelele ambayo mwenye mashine haisikii kabisa.

Halafu kuna kuhama. Sifa za dhahabu zikivuma kwingine, watu wanakunja maturubai na kuondoka usiku huo huo, na mbwa aliyekuwa akilinda mawe ya mtu anabaki bila bwana. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kuwalinda wanyama chenye mabanda ya kupokea mbwa waliookotwa, na Arusha wapo wanaofanya kazi kama hiyo. Rwamgasa hakuna banda la namna hiyo. Mwokozi wa mbwa hapa ni mama lishe anayeanza kumwekea ukoko wa ugali nyuma ya kibanda, au mtoto anayerudi nyumbani na kijibwa ndani ya kiroba na kuapa mbele ya mama yake kwamba atakitunza mwenyewe. Uokozi huo hauna jina wala ofisi, na unastahili heshima.

Siku chache baadaye hofu zinaanza kujitokeza, na nyingine ni za ajabu. Mbwa anakula vizuri mpaka mtu apite na gambuti. Mwingine hawezi kuvuka kizingiti, anasimama mlangoni na kulia. Yuko anayekimbia fagio, anayejificha taa ya kichwani ikiwashwa, anayekataa kukanyaga sakafu ya vigae, anayebwekea kiroba kitupu kinachopeperushwa na upepo. Watu wanacheka. Kisha wanachoka kucheka, na mmoja wao anashika fimbo ili "amzoeze".

Hapo ndipo kosa linapoanza, na ni kosa la gharama kubwa kuliko linavyoonekana.

Mbwa anajifunza vitu kwa sura zake halisi. Kwake, mwanamume asiye na kofia na mwanamume yule yule aliyevaa helmeti yenye taa wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Kama maumivu yalimpata mara moja mbele ya gambuti nyeusi, kinachobaki kichwani mwake ni gambuti, hata kama aliyempiga alikuwa mtu mmoja tu mwenye hasira za siku moja. Na si mbwa wa machimboni peke yao. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha matokeo kuhusu mbwa karibu 14,000 wa Finland, nchi ambayo mbwa wengi wanalala ndani na kulishwa kwa ratiba. Asilimia 32 waliathiriwa na kelele. Zaidi ya mmoja kati ya watano waliogopa aina fulani za sakafu au sehemu za juu. Ikiwa vigae vinamtisha mbwa wa Helsinki, anayetoka kwenye vumbi la mwalo wa kuoshea dhahabu asionekane mpumbavu.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba si kila mbwa mwenye hofu alipigwa. Familia nyingi zikimwona mbwa anakimbia fagio zinahukumu mara moja kwamba aliwahi kuchapwa kwa fagio. Huenda ni kweli. Huenda pia hajawahi kuliona. Wamarekani John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi juu ya tabia za mbwa na kuutolea kitabu mwaka 1965, walionyesha kwamba kijibwa kina kipindi kifupi cha kuizoea dunia, tangu wiki ya 3 hadi kama ya 12. Anachokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho anakichukua kuwa cha kawaida. Asichokutana nacho kitamtia shaka baadaye. Mwaka 1961 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo vijibwa vililelewa uwanjani bila kuguswa na watu. Wale waliokaa hivyo mpaka wiki ya 14 walibaki na woga kwa binadamu, hata baada ya juhudi za kuwazoesha. Kijibwa kilichozaliwa chini ya rundo la mawe nyuma ya karasha, kikaona watu kwa mbali tu, kinaingia nyumbani kikiwa na pengo hilo. Hakuna fimbo inayoweza kuliziba.

Mwaka ule ule wa mafuriko ya Leningrad, mwanasaikolojia Mary Cover Jones alichapisha nchini Marekani habari za mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumlazimisha amshike. Mtoto alikaa kitini akila chakula anachokipenda, sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku baada ya siku kizimba kilisogezwa kidogo, kwa kiasi ambacho hakikumkatiza kula. Mwishowe Peter alimshika sungura kwa mkono wake. Miongo mitatu baadaye daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliijenga njia hiyo kuwa tiba rasmi ya hofu za watu, baada ya kuijaribu kwa paka mjini Johannesburg. Madaktari wa tabia za wanyama wanaitumia mpaka leo.

Nyumbani Rwamgasa njia hiyo haihitaji fedha. Inahitaji dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria wanauzwa kila gulio, wana harufu ambayo pua ya mbwa haiwezi kuipuuza, na kiganja kimoja kinatosha masomo ya siku nzima. Tuseme mbwa anaogopa gambuti. Gambuti moja inawekwa mwisho wa ua, bila mtu ndani yake. Mbwa akiiona tu, anapata dagaa. Gambuti ikiondolewa, dagaa nao wanakoma. Kesho inasogea hatua moja. Akiganda, akikataa kula, akigeuza uso, maana yake imesogezwa haraka mno, na inarudishwa ilikokuwa. Chakula ndicho kipimo: mbwa anayeweza kutafuna bado anaweza kujifunza, na aliyeshindwa kula ameshalemewa. Baada ya gambuti tupu kuzoeleka huja gambuti iliyovaliwa na mtu aliyekaa, halafu aliyesimama, halafu anayetembea akielekea upande mwingine. Kila badiliko ni somo jipya, na kila somo linaanzia mbali kidogo.

Mpangilio ni jambo ambalo wengi wanalikosea. Kinachoogopwa kitangulie, chakula kifuate. Mtu akianza kumwonyesha mbwa dagaa ili kumvuta, kisha akamtolea gambuti, mbwa anajifunza kwamba dagaa ni mtego, na wiki ijayo atawakimbia dagaa wenyewe.

Kwa kelele, simu inasaidia. Mlio wa karasha unarekodiwa, unapigwa kwa sauti ya chini kabisa wakati mbwa anakula, na kupandishwa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Radi ni ngumu zaidi kwa sababu inakuja na mwanga, upepo na mtikisiko ambao simu haiwezi kuuiga. Hapo kinachofaa ni maficho: kona ya chumba cha ndani, chini ya kitanda, gunia sakafuni, kitambaa dirishani, redio ikizungumza. Mbwa aliyejichagulia maficho asivutwe nje. Na dagaa wanaotolewa mara tu baada ya kila ngurumo wana kazi kubwa. Mtafiti Stefanie Riemer, akiwa Uswisi, alikusanya majibu ya wenye mbwa wanaoogopa fataki, akayachapisha mwaka 2020. Zaidi ya asilimia 70 ya waliowapa mbwa wao chakula au mchezo mara baada ya mlipuko walisema hofu ilipungua. Ni njia rahisi mno, labda ndiyo maana haiaminiki.

Wapo wanaoonya kwamba kumbembeleza mbwa anayetetemeka ni kumlea katika woga. Si kweli. Hofu si ujanja ambao mbwa anaufanya ili apate ujira. Akija mwenyewe kuegemea mguu wa mtu, aachwe aegemee, aguswe taratibu kifuani au ubavuni. Asichostahili kufanyiwa ni kushikwa kwa nguvu, kuinamiwa, kukodolewa macho au kuzungukwa na watoto sita wanaotaka kumshika kichwa kwa zamu. Siku za kwanza nyumba impe kona yake, maji, chakula kwa saa zile zile, na iache kumtazama. Mbwa anayepuuzwa kwa wema huanza mwenyewe kusogea.

Sasa fimbo. Hoja ya wanaoitetea inaeleweka: machimboni mbwa anafugwa kwa ulinzi, mbwa wa ulinzi lazima awe mkali, na huruma itamharibu. Hoja hiyo inachanganya ukali na hofu. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayejua nani wa nyumbani na nani mgeni, anabweka mapema na kutulia akiambiwa. Mbwa mwenye hofu hatofautishi. Mwizi akija na tochi atajificha. Mtoto wa jirani akifuata mpira uani atang'atwa, kwa sababu mtoto ni mdogo na kona haina pa kutokea. Mnyororo unazidisha hatari hiyo. Aliyefungwa kwenye mti hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia anabakiwa na meno.

Fimbo ina madhara mengine yasiyoonekana. Kabla ya kung'ata, mbwa anatoa taarifa: analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anarudisha masikio nyuma, weupe wa jicho unaonekana, anaganda, ananguruma. Akichapwa kila anaponguruma, anaacha kunguruma. Hofu inabaki ile ile na onyo linaondoka. Ndipo watu wanaposema mbwa amemng'ata mtoto "bila sababu".

Kuna pia mbwa aliyechapwa mpaka akatulia tuli, anayesifiwa kuwa amenyooka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walionyesha, kwa majaribio ya ukatili ambao leo haungeruhusiwa kirahisi, kwamba mbwa aliyepigwa shoti za umeme asizoweza kuziepuka, baadaye alilala chini na kuzivumilia hata njia ya kutoka ilipokuwa wazi mbele yake. Alikata tamaa. Mbwa wa namna hiyo hajafundishika, na mwenye nyumba anayemwamini amewaweka wanawe pabaya.

Tanzania haina haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi wa njia ya upole. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Kazi inaanza wakiwa wachanga wa wiki chache, mara macho yanapofunguka. Wanabebwa, wanasikilizishwa sauti, wanakanyagishwa nyasi na udongo ili wasishtuke ukubwani. Baadaye wanafundishwa kwa mlio mdogo wa kidude cha mkononi na kipande cha ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na makumi ya silaha nyingine zisizolipuka. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimtunuku nishani ya dhahabu. Watanzania walifanya hayo kwa panya, kwa ndizi na subira. Kwa mbwa, mnyama aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, njia hiyo haina sababu ya kushindwa.

Sheria nayo iko. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na inamwajibisha anayemmiliki. Ni sheria inayofahamika kwa wachache kwenye ngazi ya kijiji, na viongozi wa vitongoji wangeweza kuitaja kwenye mikutano yao bila gharama yoyote.

Hata hivyo, kabla ya kuanza dagaa na gambuti, Rwamgasa ina swali lake la pekee. Je, anachoonyesha mbwa ni hofu kweli? Wachimbaji wadogo hapa wamekamatisha dhahabu kwa zebaki kwa miaka mingi, na kata hii ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zebaki inaharibu mishipa ya fahamu, ya watu na ya wanyama. Huko Minamata, Japani, paka waliokula samaki wenye zebaki walionekana wakiyumba na kupatwa degedege kabla ugonjwa wa watu haujatangazwa rasmi mwaka 1956. Mbwa anayekunywa maji ya mabwawa ya mwalo, akaanza kutetemeka na kuyumba, anahitaji kuonwa na daktari wa mifugo, na familia inayotumia maji jirani na hapo inahitaji kujiuliza pia. Vivyo hivyo kwa mbwa mwenye kidonda cha sikio, jino bovu au maumivu ya nyonga: atamkwepa mkono kwa sababu mkono unauma. Vidonge vya watu vya kutuliza asipewe kwa kubahatisha.

Na kuna kichaa cha mbwa. Tabia ikibadilika ghafla, mbwa mpole akawa mkali au mkali akawa mpole mno, akitoa udenda, akishindwa kumeza, hapo hakuna somo la kumfundisha. Atengwe bila kushikwa, na bwana mifugo aitwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, kwa sababu dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na mbwa. Kati ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Hapa ndipo hofu ya mbwa mmoja inapoacha kuwa shauri la nyumba moja. Ili ugonjwa huo ukome kuenea, inabidi kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Siku ya chanjo ikifika, mbwa wanaovutwa kwa kamba hadi uwanja wa shule ni wale waliozoea watu, mara nyingi wakiongozwa na watoto. Mwoga anabaki nyumbani, kwa sababu hakuna anayeweza kumfunga kamba bila kuumwa. Hata akifikishwa, anakuta foleni ya mbwa wanaobweka, watu wasiomjua na mwanamume mwenye koti na sindano, na anachomoka kamba kabla zamu yake haijafika. Yule aliye rahisi kung'ata ndiye anayekosa kinga.

Kwa hiyo halmashauri zinazopanga chanjo kuelekea Septemba 28, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, zitenge saa chache za jioni baada ya uwanja kufungwa, bwana mifugo apite kwa mbwa waliobaki, nyumbani kwao, wakishikwa na wenyewe. Nazo familia zianze wiki kadhaa kabla. Kamba ilazwe kando ya bakuli wakati wa kula. Ikizoeleka, igusishwe begani pa mbwa, kisha shingoni, kwa dakika moja tu, dagaa wakifuata. Aburute kamba uani akiwa huru. Ashikwe paja kidogo na kuachwa, mahali ambapo sindano inaweza kuingia, mpaka mguso huo nao umaanishe dagaa.

Ni kazi ya dakika chache kila jioni, na mtoto mkubwa aliyeelekezwa vizuri anaiweza akiwa na mzazi kando. Mbwa wengine watachukua siku, wengine miezi. Wapo ambao hawatazoea kelele za karasha maisha yao yote, na hao wahamishiwe banda la upande wa pili wa ua, mbali na barabara, wapewe kazi ya kulinda kuku badala ya mawe.